Mfunze Mwanao Kulifungua Neno Refu

WAZAZI wengi wa mjini wamewahi kulishuhudia jambo hili. Mtoto anasoma hadithi ya Kiswahili vizuri, kisha anakumbana na neno 'hawakusomeshwa'. Anasita, anaguna, halafu anabahatisha 'walisomeshwa' na kuendelea. Maana yote imepinduka: walionyimwa elimu sasa wameelimishwa!

Usikimbilie kumwita mvivu. Huenda anazijua silabi zote, ila hajaelezwa kwamba neno la Kiswahili hujengwa kwa vipande, na kila kipande kina kazi yake.

Mzizi ndio moyo wa neno. Viambishi awali huutangulia, viambishi tamati huufuata. Katika neno letu, mzizi ni 'som'. Kabla yake, 'ha' inakanusha, 'wa' inataja watu na 'ku' inaonyesha wakati uliopita. Baada yake, 'esh' inaeleza kuwa kuna anayewezesha jambo litendeke, 'w' kwamba wahusika hutendewa, na 'a' inafunga neno.

Mzazi afanye nini? Kwanza, anza na mzizi. Mpe mwanao 'pik' atafute jamaa zake: pika, pikia, pikwa, pikisha. Akifika kwenye 'mpishi', mwonyeshe kwamba mzizi nao huweza kubadilika sauti.

Pili, kata katoni kuukuu mtengeneze kadi. Andika mizizi kwa wino mwekundu na viambishi kwa wino wa buluu, kisha mshindane kuunda maneno. Hapo atagundua mwenyewe kuwa 'pika' huzaa 'pikia' lakini 'soma' huzaa 'somea', kwani mizizi yenye 'e' au 'o' hupendelea 'e'.

Tatu, tumieni maandishi ya mitaani. Dukani pameandikwa 'Leo hatukopeshi'. Muulize: ni akina nani hawakopeshi? Kukopa na kukopesha vina tofauti gani?

Lakini tahadhari. Si kila linalofanana ni jamaa. 'M' ya 'mama' si kiambishi. Kwa hivyo, kila mara mtoto aulize kama maana inakubaliana na sentensi.

Dakika 10 kila jioni zatosha. Zikizidi, mchezo hugeuka adhabu. Haba na haba hujaza kibaba, na mtoto anayeweza kulifungua neno refu hatalikimbia kurasa ikiwa ndefu.