Kinga au Hifadhi? Istilahi za Ulinzi wa Kumbukumbu ya Kompyuta

Mfasiri anapokutana na dhana ya kuilinda kumbukumbu ya kompyuta, neno linalomjia kwanza ni "hifadhi". Neno hilo lina maana mbili: kulinda, kama katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mkoani Njombe, na kuweka akiba. Ofisa ugavi akisoma "hifadhi ya kumbukumbu" katika hati ya ununuzi, huenda akaagiza diski kubwa zaidi badala ya mashine yenye ulinzi. Ndiyo maana tunapendekeza "kinga ya kumbukumbu".

Dhana yenyewe tuieleze kwa mfano wa masijala. Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika kurasa, aghalabu kila ukurasa ukiwa na baiti 4,096. Mahali ulipo ukurasa, na kama unaruhusiwa kuandikwa au kusomwa tu, huonyeshwa katika jedwali la kurasa. Jedwali hilo ni mfano wa daftari la masijala mjini Njombe, linaloonyesha kabati lenye jalada la kiwanja fulani cha Makambako. Makabati yote yakitiwa kufuli na daftari likaachwa wazi, mtu akibadili namba moja tu, karani atatoa jalada lisilohusika bila kujua. Hivyo daftari lenyewe halina budi kukingwa.

Kazi hiyo huanzishwa na kiini, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayozitawala nyingine zote, mara kompyuta inapowashwa, kabla ya programu za watumiaji kuanza. Kiini hujaza jedwali, hukionyesha kichakataji mahali lilipo, ndipo huwasha kinga. Jedwali likiwa na kosa wakati huo, mashine hukwama. Tangu hapo, msimamizi wa kinga ni kichakataji chenyewe, si programu.

Je, kiini nacho kizuiwe? Naam. Kichakataji cha Intel 80386 cha mwaka 1985 kiliweza kuzizuia programu za kawaida, lakini kiini kiliweza kuandika hata katika kurasa za kusomwa tu. Kichakataji cha 80486 cha mwaka 1989 kiliongezewa swichi ya kukizuia kiini pia. Mtunza masijala naye hukosea. Akitaka kusahihisha daftari, sharti alifungue kwa makusudi, kisha alifunge.

Tunawaomba walimu na wafasiri wazitumie istilahi hizi tatu, yaani kiini, jedwali la kurasa na kinga ya kumbukumbu, kisha watuletee maoni yao.