Trekta Likiinua Pua

Machi ikielekea ukingoni, huku Kilifi, kuanzia Gongoni hadi Bamba, kila mwenye shamba huwa anatafuta trekta. Masika ya pwani huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kushika kasi Mei, na mahindi yaliyochelewa kupandwa hayamngoji mtu. Basi trekta moja, liwe la kaunti au la mtu binafsi, huzungushwa boma hadi boma, mchana na pengine usiku kwa taa, juu ya ardhi ambayo dereva hajawahi kuikanyaga. Katika haraka hiyo ndipo matrekta hupinduka.

Likishapinduka, waliosimama pembeni husema ni bahati mbaya, au dereva alikuwa bado mwanagenzi. Mimi kazi yangu ni mashine za kilimo, na siyakubali maneno hayo. Trekta hupinduka kwa sababu zinazojulikana, na dereva anayekufa chini yake, mara nyingi mno, angetoka hai kama mashine ingekuwa na vitu viwili: fremu ya chuma nyuma ya kiti, na mkanda.

Tulitazame trekta lenyewe kwanza. Yale ya kawaida tunayoyaona huku, ambayo magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma, yana uzito wa tani mbili na nusu hadi tatu, na kama asilimia 70 ya uzito huo umelalia ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, ili ipande na kushuka kufuata ardhi. Kwa hiyo, ingawa macho yanaona magurudumu manne, trekta limekaa mfano wa kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini ya mbele. Kitovu cha uzito wake kiko mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, tena juu kidogo yake. Ardhi ikiinama kiasi cha uzito huo kuangukia nje ya ile miguu mitatu, trekta linalala, na hapo usukani na breki havisaidii kitu.

Anayepita barabara kuu ya Mtwapa hadi Malindi huona Kilifi ni tambarare tupu. Lakini ingia ndani. Kuna miteremko ya Rabai na Kaloleni, kuna mabonde ya Ganze, na Magarini kuna udongo mwekundu wa kichanga unaokatwa na maji kwa wepesi wa kutisha. Asiyeamini na aende akasimame ukingoni mwa korongo la Nyari, pale Marafa, aone mvua na upepo vilivyoitafuna ardhi. Mifereji midogo ya namna hiyo huzaliwa mashambani kila msimu, na nyasi huifunika. Njia aliyopita dereva mwaka jana huenda leo ina shimo la kumeza gurudumu zima. Kichuguu na kisiki cha mkorosho navyo hufanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili: gurudumu moja hupanda ghafla, na mteremko ambao trekta lingeuvumilia unageuka kuwa mteremko wa kuliangusha. Ndiyo maana mwenye shamba anapaswa kulizungukia shamba kwa miguu pamoja na dereva kabla injini haijawashwa, na kuchomeka kijiti chenye kitambaa kila penye shimo au kisiki.

Kando ya Sabaki hali ni nyingine. Mto ule ulifurika 2018 na tena mwishoni mwa 2023, na maji ya namna hiyo huchimba ukingo kwa chini huku juu pakibaki panaonekana pazima. Kanuni ya kushika ni nyepesi: kama ukingo au mtaro una kina cha mita mbili, gurudumu lisiukaribie chini ya mita mbili. Kama udongo umelowa, ongeza. Mkulima ataona mistari kadhaa ya shamba lake imeachwa bila kulimwa, na hapo ndipo dereva hushawishiwa asogee kidogo tu. Asisogee. Ukanda huo unalimika kwa jembe la mkono.

Kwenye mteremko, panda na ushuke wima inapowezekana badala ya kukata ubavu. Tanua magurudumu ya nyuma ikiwa trekta lako linaruhusu, shusha plau chini kadiri uwezavyo unapohama, na ukihisi linaanza kuteleza ubavu, geuza usukani kuelekea chini kwenye mteremko. Wengi hukimbilia kugeuza juu, na hapo ndipo linapolala. Wakati wa kushuka na mzigo, ingia gia nzito ungali juu. Usilitoe kwenye gia ili lishuke lenyewe. Tela la mkonge au la mawe ya ujenzi lisilo na breki husukuma trekta kwa nyuma hadi likakunjika nalo. Bauza linalopeleka maji Ganze wakati wa ukame lina hila yake: likiwa nusu tangi, maji hukimbilia upande ule ule ambao trekta limeinamia. Na kasi msiidharau. Ukizidisha mwendo mara mbili kwenye kona, nguvu inayolisukuma trekta nje huongezeka mara nne. Barabarani, pedali mbili za breki zifungwe pamoja, maana ukikanyaga moja peke yake kwa mwendo, gurudumu moja hushikwa na trekta hujizungusha.

Sasa nije kwenye kupinduka kunakoniuma zaidi, kwa sababu hutokea hata mahali tambarare. Trekta limezama, magurudumu ya nyuma yamechimba hadi ekseli inagusa tope. Tanboi analeta gogo, wanalifunga kwa mnyororo mbele ya magurudumu ya nyuma ili yapate pa kukanyagia. Dereva anaongeza moto na kuachia klachi. Gogo linakwama. Gurudumu sasa haliwezi kuzunguka, lakini injini bado inasukuma, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Inaenda kwenye mwili wa trekta: badala ya gurudumu kuzunguka kwenye ekseli, trekta zima linazunguka kwenye ekseli. Pua inainuka. Baada ya robo tatu za sekunde tangu pua ianze kuinuka, limeshapita mahali pa kurudi, na katika sekunde moja na nusu hivi liko chali, dereva chini yake. Mguu wa binadamu hauwezi kuiwahi klachi kwa muda huo, hata awe dereva wa miaka thelathini. Ndiyo sababu nasema ustadi si kinga.

Kufunga mnyororo juu ya ekseli, au kwenye mkono wa juu wa plau, ili kung'oa kisiki au kuvuta lori huleta matokeo yale yale. Mzigo wowote ufungwe kwenye baa ya chini ya kuvutia, basi. Trekta lililozama kwanza litolewe kwa kurudi nyuma, likikataa, magurudumu yachimbuliwe kwa sepeto, likikataa tena, livutwe na jingine taratibu. Mteremko mkali au kingo za mtaro zipandwe kinyumenyume.

Turudi kwenye chuma na mkanda. Uswidi iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya kinga. Mwaka 1957 nchi hiyo ilikuwa ikipoteza watu 17 kwa kila matrekta 100,000 kwa sababu ya kupinduka. Kufikia 1990 hesabu hiyo ilikuwa 0.3. Fremu hiyo haizuii trekta kupinduka, bali mara nyingi hulizuia lisizunguke kabisa, na humwachia dereva nafasi ya kuishi ndani yake. Mkanda ndio unaombakisha katika nafasi hiyo. Bila mkanda hurushwa nje na kupondwa na fremu ile ile. Pale fremu ilipokunjwa au haipo, mkanda usifungwe, kwa kuwa utamfunga dereva penye kifo.

Sababu ninayoisikia ya kuing'oa fremu ni matawi ya miembe na mikorosho. Basi chagua fremu inayokunjwa, ikunje ukiwa chini ya mti, uisimamishe ukitoka. Kibanda cha mabati kilichochomelewa mtaani ni kivuli, hakina nguvu ya kubeba tani tatu. Fremu ya kweli imepimwa kiwandani na ina kibati kinachoeleza trekta gani inalifaa. Ukiitoboa au kuichomelea umeiharibu. Na nafasi ni ya mtu mmoja. Mtoto aliyepandishwa kwenye madigadi hana fremu wala mkanda, na nyuma yake plau inazunguka visahani.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mashine ni salama na mtumiaji amefundishwa, na kifo kazini kiripotiwe kwa afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24. Leseni ya kuendesha mashine za kilimo ina daraja lake, G. Naona serikali ya kaunti, kwa kuwa nayo hukodisha matrekta kwa wakulima, ianze yenyewe: lisitoke trekta hata moja katika yadi bila fremu iliyosimama na mkanda unaofunga. Vyama vya ushirika na mashamba makubwa vifuate.

Nawe mkulima, unapolipia ekari zako msimu huu, usiulize bei na siku ya kuja tu. Trekta likifika, tazama nyuma ya kiti. Kama hakuna fremu, lirudishe, hata kama mawingu yamekwisha kutanda.