Mwasho wa Kiangazi: Mzio au Upele?

Vumbi na hewa kavu ya kiangazi huwasha ngozi, macho na pua za wenye mzio. Hali hiyo haiambukizi. Kujipaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, huleta nafuu.

Lakini mwasho unaozidi usiku, hasa baina ya vidole, tena ukawapata watu kadhaa wa nyumba moja, yaelekea ni upele. Huo hutibiwa kwa kaya nzima kwa wakati mmoja, hata asiyejikuna, na mashuka yafuliwe kwa maji moto. Baadhi ya wananchi hukimbilia krimu zenye steroidi; hizo hutuliza mwasho, zikauficha upele nao ukaendelea kuenea. Ni heri kufika zahanati kwanza.

Anayevimba midomo au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja.