Ndula ya Ngozi ya Ndovu

Stori ya Jordan ikianza mtaani, lazima kuwe na msee wa kupiga kelele za Jordan 1, ati NBA iliiban. Sawa, tumeskia. (Na wenye wamefukunyua hiyo stori wanasema ndula yenye ilileta ngori ilikuwa Air Ship, kazni yake tu.) Lakini ukiniuliza ni gani ilichorwa na akili timamu, jibu ni Jordan 3, na hapo sibishani na mtu.

Cheki venye vitu zilikuwa 1987. Peter Moore, chali mwenye alichora Jordan 1, alikuwa amehepa Nike na mwenzake Rob Strasser, na walikuwa wanataka kubeba Michael Jordan mwenyewe waende naye. Jordan 2, ile ya kutengenezewa Italia, haikuwa imemshika roho. Kazi ikaangukia Tinker Hatfield. Sasa huyu hakuwa hata mtu wa viatu! Alisomea kuchora majengo Chuo Kikuu cha Oregon, na Nike ilimwandika 1981 awachoree maofisi. Viatu alianza 1985. Ni yeye alitoboa dirisha kwa soli ya Air Max 1, baada ya kuona jengo la Centre Pompidou huko Paris, lenye mapaipu zote ziko nje.

Kitu alifanyia Jordan ni simpo hadi inaudhi: alimuuliza anataka nini. Jordan akasema anataka ndula nyepesi, isipande juu sana wala isikuwe fupi, na ngozi yake ikuwe laini, utoe kwa boksi leo na uicheze leo. Hiyo ya mwisho ilikuwa mzito, juu ndula za basketi enzi hizo zilikuwa ngumu, lazima ungezivaa kwanza zilegee. Tinker akasaka ngozi laini yenye makunyanzi, shingo akaikata ya kati, hewa ikaonekana kwa kisigino. Halafu mbele na nyuma akabandika pateni ya ngozi ya ndovu, kijivu yenye nyufa nyufa. Manze, ndovu tunao Tsavo na Amboseli, lakini ilibidi msee wa Oregon ndio awaze kuwaweka kwa miguu! Swoosh ya kando akaitoa, kwa ulimi akachapa nembo ya Jumpman.

Siku ya kuonyeshwa, Jordan alichelewa masaa, ametoka kucheza gofu, mudi iko chini. Phil Knight, bosi wa Nike, anangoja, mathe na buda wa Jordan wanangoja. Ndula ikafunuliwa, mudi ikabadilika. Akabaki Nike.

Februari 1988, wikendi ya Ol-Star ya NBA ikakuwa Chicago, kwao. Kwa shindano la danki akaruka kutoka laini ya mtupo huru, akamchapa Dominique Wilkins, na Jordan 3 nyeupe ziko miguuni. Siku iliyofuata, kwa mechi yenyewe, akavaa nyeusi, akafunga pointi 40, akabeba MVP. Hapo dola 100 ya kiatu nani angelalamika?

Ukichimba Gikomba ukutane na Jordan 3, geuza kisigino. Ya 1988 iliandikwa Nike Air. Zile za 2011 ziliwekwa Jumpman hapo, na nyeusi ikarudishiwa Nike Air 2018. Hizo za katikati nitavaa, luku ni luku, lakini usinipige bei ya yenye imeandikwa Nike Air.