Mtoto aking'olewa jino, dawa itangulie kilio

Mzazi anayemtoa mtoto Ikungi au Mkalama kwenda kung'olewa jino Singida mjini hurudi na basi. Ganzi huisha baada ya saa mbili au tatu, mara nyingi wakiwa bado njiani, na kilio huanza hapo. Dawa inywewe mapema, ganzi ikiwa bado ipo.

Parasetamo hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita. Mtoto wa kilo 16 hunywa mililita 10 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Tumia kipimo kinachokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani. Aspirini asipewe kabisa.

Mwangalie pia asiutafune mdomo wenye ganzi. Jioni huvimba, nanyi mkadhani ni jino. Uji upoe kwanza. Maumivu yakizidi siku ya tatu, au homa ikipanda, arudishwe kwa daktari.