Mchezo wa Kupima Sera za Serikali

Mwanafunzi hukariri upesi kwamba sera fulani ni njema. Kupima gharama yake ni kazi nyingine, nasi twaona kwamba mchezo huifundisha kuliko hotuba.

Darasa ligawanywe katika makundi ya watoto watano, kila kundi likiwa baraza la mawaziri. Lipewe kokoto 20, ndiyo hazina ya mwaka, lizigawe baina ya shule, zahanati na barabara. Kisha liulizwe: je, tufute ada? Kenya ilifuta ada za shule za msingi Januari 2003, na wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 hivi mwaka huo huo. Makundi mengi yatakubali bila kusita. Mwalimu asiseme neno. Ila katika duru ya pili adai kokoto mbili za madawati, katika ya tatu nne za walimu, katika ya nne mbili za vitabu. Hapo ndipo ubishi huanza: zitoke zahanati au barabarani?

Hatusemi kwamba sera ile ilikuwa mbaya. Twataka mtoto aone kuwa gharama haifiki siku moja na faida, na pengine humwangukia mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo mmoja katika kila kundi amsemee mwanafunzi aliyekuwa darasani tangu zamani, ambaye sasa amebanwa dawatini.

Mwisho mwalimu asitangaze mshindi, ingawa watoto watamsihi. Kila baraza lieleze nani alilipa, na lini. Lisiloweza lirudie duru.