Penseli Ibaki Mkononi mwa Mtoto

Mtoto akilemewa na hesabu, sisi wazazi twaharakisha kumpokonya penseli na kumwandikia jibu. Kazi yaisha, lakini mtoto amejifunza nini? Kwamba akilia, mkubwa atamaliza.

Afadhali tumpunguzie mzigo, tusimwondolee. Tuseme ameshindwa kugawanya 84 kwa 6. Tumwambie atenge 60 kwanza: hizo ni sita mara 10. Zimebaki 24. Hizo azipange mwenyewe kwa maharagwe, mafungu ya sita sita, nasi tukae karibu tukinyamaza. (Kunyamaza ndiko kugumu!) Akikosea, tusimlinganishe na dada yake. Akipata 14, tusiseme tu kwamba ana akili. Tumwonyeshe jinsi alivyorudia pasipo kutupa daftari. Kesho tumpe 96, aanze peke yake.